Tao limefanya ufa, fundi ataka kulivunja

"Asalaam aleikum. Nyumba yetu iko Lamu, Mkomani, nyumba ya mawe ya tangu babu zetu. Chini, kwenye kipito cha kuingilia, kuna tao la mawe. Juu yake umekaa ukuta wa ghorofani na upande mmoja wa wikio, yaani daraja la juu ya njia, la kuvukia nyumba ya jamaa. Toka mwaka jana tao limefanya ufa pale juu kabisa, sarafu ya shilingi ishirini yaingia. Niliuziba kwa simiti, ukarudi. Fundi asema tao limekufa, livunjwe na pamwagwe bimu ya zege. Mwanangu aliye Minneapolis, Marekani, amenitumia video ya daraja la mawe juu ya mto, asema lilipitisha treni miaka mia na halina chuma hata kidogo. Aniuliza: mama, lile libebe treni, letu lishindwe na ukuta? Mawe yetu ndiyo mabovu, au ni nini? Tena labda niseme, jirani wa upande wa kusini alibomoa yake ili ajenge upya, bado hajainua. Nifanyeje?"

Wa aleikum salaam, mama. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara jicho langu limerudi kwenye yale maneno uliyoyaweka mwishoni kama ya kupita tu: jirani wa kusini amebomoa na hajainua. Nitayafikia. Kwanza nikupunguzie hofu. Ufa kwenye utosi wa tao haumaanishi kwamba tao limekufa. Matao mengi mazee yana nyufa, na yamesimama hivyo vizazi na vizazi. Ila sitakufariji kupita kiasi: ufa uliozibwa ukarudi unaonyesha kuna kitu bado kinasogea, na lazima tukijue kabla mtu hajainua nyundo.

Swali la mwanao ni zuri, tena jibu lake ndilo jibu la nyumba yako. Daraja lile linavuka mto Mississippi, chini ya maporomoko ya St. Anthony. Lilijengwa na tajiri wa reli, James J. Hill, likamalizika mwaka 1883. Urefu wake ni kama mita 640, na lilipokamilika lilikuwa na matao 23. Nguzo zake za chini ni za matale, yaani graniti, juu ni mawe ya chokaa. Kabla halijasimama watu waliliita ujinga wa Hill. Treni zikapita juu yake zaidi ya miaka 90, na tangu 1994 ni njia ya waendao kwa miguu na baiskeli. Mwambie mwanao kitu kimoja lakini: akilitembea lote ataona mahali pana fremu ya chuma. Miaka ya 1960 matao mawili yaliondolewa ili vyombo vya majini vipate njia ya kupanda mto, na pale ndipo kilipowekwa chuma. Kwengine kote ni matao ya mawe.

Sasa, mawe yanabebaje treni? Jiwe lina tabia moja inayotawala kila kitu: ukilibana linastahimili sana, ukilivuta linakatika upesi. Laza bamba refu la jiwe la matumbawe juu ya mawe mawili, kisha simama katikati yake. Likikatika, litaanza kukatika upande wa chini, kwa sababu kitu kikipindwa upande wa juu hubanwa na upande wa chini huvutwa. Wazee wetu walilijua hilo bila kulisoma popote, ndiyo maana dari za Lamu ni za boriti za mikoko. Boriti inakubali kuvutwa. Na ndiyo maana vyumba vya nyumba zenu ni virefu na vyembamba: upana ulifuata kimo cha boriti.

Tao ni hila ya kulifanya jiwe libanwe tu, lisivutwe kamwe. Vua mkufu wako, mama, ushike ncha mbili, uuache uning'inie. Umejipinda wenyewe, hukuupinda wewe. Kila kijipete chake kinavutwa na jirani zake wawili, basi, hakuna kinachosukumwa wala kukunjwa. Sasa fikiria mkufu ule ule umegandishwa ukageuzwa juu chini. Kila kilichokuwa kinavutwa sasa kinabanwa. Hilo ndilo tao. Mwingereza Robert Hooke aliliandika jambo hili mwaka 1675, ingawa waashi walikuwa wakilifanyia kazi maelfu ya miaka kabla yake.

Usiuweke chini bado ule mkufu. Sikiliza vidole vyako: mkufu unavivuta vikutane, na ukivilegeza vitakutana kweli. Ukiugeuza, na hilo nalo linageuka. Miguu ya tao haisukumi chini peke yake, inasukuma nje, saa ishirini na nne, usiku na mchana, tangu siku fundi alipoondoa kiunzi cha mbao kilicholishika wakati wa kujengwa. Lazima pawe na kitu upande wa pili cha kuikatalia isitanuke. Na kadiri tao lilivyo bapa ndivyo linavyosukuma zaidi, kama vile mkufu uliokazwa unavyouma vidole kuliko ulioning'inia sana.

Hapo dhana tatu zinaanguka. Ya kwanza ni kwamba jiwe la katikati ndilo lishikalo tao. Lile ni jiwe la mwisho kuwekwa tu. Mpaka litiwe, mzigo wote uko juu ya kiunzi. Likishatiwa, kila jiwe lina kazi sawa na mwenziwe. Ya pili ni kwamba chokaa ndiyo inayoyagandisha mawe kama gundi. Kazi kubwa ya chokaa katika tao ni kujaza mianya ili jiwe limkalie mwenziwe sawasawa, mzigo usipite kwenye ncha moja. Ya tatu ndiyo ya mwanao, kwamba uzito ni adui. Uzito ni rafiki wa tao! Daraja la mawe lina uzito wake mwingi mno, pamoja na kifusi kilichoshindiliwa juu ya mabega ya matao, kiasi kwamba treni ikipita ni nyongeza ndogo. Uzito ule ndio unaoyabana mawe yasicheze. Huko Maidenhead, Uingereza, kuna daraja la reli la matofali lililofunguliwa 1839, kazi ya mhandisi Brunel, matao yake mawili makubwa yana upana wa kama mita 39 kila moja na yameinuka mita 7 tu. Wenye reli waliogopa, kiunzi kikaachwa chini yake. Dhoruba ikaja ikakichukua. Tao halikushtuka, na treni zinapita pale mpaka leo.

Basi nakujibu: mawe yenu si mabovu. Tao haliuliwi na mzigo wa juu kwa urahisi, huuliwa na miguu yake kusogea. Hata daraja lile la Minneapolis, treni hazikuliweza, ila mafuriko ya 1965 yalichimba mchanga chini ya nguzo zake, likabonyea, ikabidi litengenezwe. Sisi wa pwani hatuhitaji kwenda mbali. Aliyesafiri kwa barabara ya Malindi na Kilifi Novemba 2023 anakumbuka maji yalivyoikata pale kwenye daraja la Mbogolo.

Na sasa jirani wako. Katika daraja lenye matao mengi, kila tao linamsukuma jirani yake, na jirani anamsukuma vile vile. Nguzo iliyo katikati inasimama kwa amani kwa sababu inasukumwa pande zote mbili sawa. Ondoa tao moja ghafla, na nguzo ile nyembamba itajikuta inasukumwa upande mmoja peke yake. Wajenzi wa madaraja marefu ya mawe waliliogopa sana hilo, wengine wakaweka kila baada ya matao kadhaa nguzo moja nene ya kuzuia. Mji wa Lamu umejengwa hivyo hivyo. Nyumba zimeshikana mabega, ukuta unaegemea ukuta, na hakuna aliyeandika popote nani anamshika nani. Nyumba ya kusini ilipoondolewa, inawezekana sana kwamba mguu wa kusini wa tao lako ulipoteza mgongo wake. Hauhitaji kusogea sana. Milimita chache zinatosha utosi kushuka na kufungua mdomo.

Nasema inawezekana kwa makusudi, kwa sababu sijaiona nyumba. Lakini ufa wenyewe unasomeka, na unaweza kuanza kuusoma leo. Simama chini ya tao na tochi. Je, ufa ni mpana chini na unakonda unapopanda ndani ya jiwe? Huo ni ufa wa miguu kutanuka. Kisha tazama kule mawe ya tao yanapoanza kutoka ukutani, pande zote mbili, ukiweza kwa juu: katika hali hiyo nyufa za huko hufunguka upande wa juu, kinyume na ule wa utosini. Ukiona picha hiyo kamili, tao lako limejifanyia bawaba tatu, kama za mlango. Bawaba tatu haziangushi tao. Ni namna yake ya kujikalisha upya baada ya miguu kusogea. Ikitokea ya nne, hapo linakunjika. Ndiyo maana ufa uliotulia si jambo la kukosesha usingizi, na ufa unaosafiri ni jambo la haraka.

Ikiwa ufa ni mpana upande mmoja wa kipito na haupo upande wa pili, au unapanda ghorofani kwa mshazari, basi huenda msingi wa upande mmoja unazama. Hapo ninamshuku maji. Kagua choo cha ghorofani, mabomba yaliyopitishwa ukutani, tangi lililowekwa juu hivi karibuni, na mahali inapomwagikia sasa mvua iliyokuwa ikipokewa na paa la jirani ambalo halipo tena. Ukuta uliokuwa wa ndani, umekingwa miaka yote, sasa umepigwa na mvua za masika ukiwa uchi. Huo peke yake ni msiba: chokaa ya zamani ikiloa muda mrefu inalainika, udongo na mchanga wa ndani ya ukuta unatoka, na ukuta unatoa kitambi.

Ile simiti uliyozibia, mama, sikulaumu, kila mtu angefanya hivyo. Lakini itoe, kwa patasi ndogo na kwa upole. Simiti ni ngumu kuliko tumbawe. Nyumba ikipumua, na nyumba zote za mawe hupanuka na kunywea kwa joto na unyevu, chokaa inakubali na simiti inakataa, kwa hiyo jiwe laini lililo pembeni ndilo linalopasuka. Tena simiti haipitishi unyevu. Maji ya chumvi yanayopanda kutoka ardhini yanatafuta pa kutokea, yakizibwa yanatokea kwenye jiwe, chumvi inaganda ndani yake na kulimenya. Zile kuta za Lamu zinazomwaga unga mweupe chini, nyingi zilipigwa plasta ya simiti. Chokaa ya kuchoma matumbawe ilizilinda miaka mia mbili bila shida hiyo.

Njia za kutengeneza ni kadhaa, nami nitazisema zote pamoja na ile ya fundi.

Bimu ya zege si wazo la kipumbavu. Bimu haisukumi nje, inakaa chini tu, kwa hiyo ikiwa ukuta wa kusini hautapata tena wa kuuegemeza, ina hoja. Mafundi wengi wanaijua na inamalizika upesi. Lakini ili uimwage lazima uvunje tao likiwa na ukuta na wikio juu yake. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja ya pwani baada ya kazi kama hiyo. Walianza kutoa mawe upande mmoja bila kuegemeza, wakidhani tao litabaki nusu. Tao halina nusu. Liko lote au haliko, na ukuta wa juu ulilifuata chini. Alhamdulillahi watu walikuwa wametoka kula. Jambo jengine ni chuma. Lamu ni chumvi tupu, hewa chumvi, maji ya visima mengi yana chumvi, na mchanga wa pwani usiooshwa ni chumvi. Chuma kikipata kutu kinavimba na kuipasua zege kutoka ndani. Zege iliyopimwa vibaya kwenye kisiwa huanza kumwaga vipande mapema mno, na tao analotaka fundi kulivunja limeishi kuliko zote.

Njia ya pili ni kuliacha tao, kulituliza miguu, kisha kuliziba vizuri. Mianya inasafishwa, inalowanishwa, vijipande vyembamba vya jiwe gumu vinagongwa kama kabari mpaka vikaze, halafu chokaa inashindiliwa ndani. Chokaa inataka subira: inaganda kwa kuvuta hewa, polepole, na lazima ifunikwe magunia mabichi isikauke kwa pupa. Ni kazi ya bei nafuu kuliko zote na ndiyo ninayoipenda, kwa sharti moja: miguu iwe imeacha kusogea. Ukiziba kabla ya hapo utakuwa unarudia ile simiti kwa chokaa.

Ya tatu ni fimbo ya kufunga, chuma kisichoshika kutu kinachotoboa kuta mbili kwenye usawa wa miguu ya tao na kukazwa kwa bamba na nati nje. Inafanya kazi iliyokuwa ikifanywa na nyumba ya jirani. Haipendezi machoni, na kipito kikiwa kifupi mtu mrefu atajigonga. Lakini inaokoa tao zima bila kuligusa. Usikubali chuma cha kawaida kilichopakwa rangi, kitakula ukuta. Ya nne ni kulivunja tao na kulijenga upya juu ya kiunzi, na hiyo iwe pale tu mawe yenyewe yamesagika.

Ungekuwa mamangu mzazi ningekwambia hivi: egemeza, pima, mtazame jirani, halafu ndipo uamue kati ya chokaa na fimbo. Bimu iwe ya mwisho.

Kuegemeza kusingoje mwezi mwisho. Fundi wako, maana sina haja umfukuze, atengeneze kiunzi cha mbao kinachofuata mpindo wa tao, kikae juu ya boriti zilizosimama kwenye mbao pana chini zisizame. Kabari zigongwe mpaka kiunzi kiguse tao, basi. Asijaribu kuliinua. Tao likiinuliwa kwa nguvu linafungua nyufa mpya mabegani. Na asitoe kifusi chochote kilicho juu ya mabega kwa nia ya kulipunguzia mzigo, maana uzito ule ndio unaolishika.

Kupima ni rahisi. Tia alama mbili za penseli ngumu pande mbili za ufa, upime kati yake kwa rula ya chuma, uandike tarehe kwenye daftari. Fanya hivyo mahali patatu. Ongeza kipande chembamba cha kioo kilichogandishwa kwa plasta juu ya ufa: tao likisogea kioo kinakatika, hakina uongo. Pima kila Ijumaa kwa mwezi wa kwanza, kisha kila mwezi, upite masika mazima, kwa sababu nyufa hupumua kidogo kati ya kaskazi na kusi na usije ukashtuka bure.

Lakini yako mambo yasiyongoja daftari. Jiwe limeshuka hata kidogo kuliko wenziwe. Unga au mchanga unadondoka bila kuguswa. Mlango wa ghorofani ulioanza kukwama ghafla. Ukuta wa kusini umetoa kitambi au umeinama. Kioo kimekatika mara mbili. Wikio limeachana na ukuta. Ukiona moja kati ya hayo, funga kipito, watoto wasicheze hapo, wasilale chini ya wikio, na umwite mhandisi wa majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi Kenya aje akanyage nyumba kwa miguu yake. Mimi hapa nasoma maneno tu, na maneno hayaonyeshi ukuta ulioinama. Muulize kama amewahi kufanya kazi na nyumba za mawe na chokaa. Wapo wazuri wa zege wasiozijua hizi.

Hata kama hakuna dalili ya haraka, nenda kwenye ofisi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya hapo Lamu kabla ya kazi yoyote. Mji wa kale umelindwa kisheria tangu miaka ya 1980, na uko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu 2001, kwa hiyo kuvunja tao bila ruhusa kunaweza kukuletea taabu juu ya taabu. Lakini sikupeleki kwa ajili ya sheria tu. Pale watakuelekeza kwa mafundi wanaojua kuchanganya chokaa, na ujuzi huo sasa uko mikononi mwa wachache.

Jirani mwendee na mtu mzima wa mtaa, kwa heshima, bila ya kumshitaki, kwani huenda hakujua kwamba ukuta wake ulikuwa mgongo wa wako. Muombe mambo mawili. La kwanza, aruhusu boriti za mshazari zisimamishwe kiwanjani kwake kuuegemeza ukuta wako wa kusini mpaka atakapojenga, na paa la muda la mabati au makuti liukinge na mvua. La pili, ajue kabla hajachora ramani kwamba pale kwenye usawa wa miguu ya tao lako pahitaji kitu kizito cha kuegemea. Akijenga nguzo nyembamba za zege na tofali tupu kati yake, ukuta wako hautapata mgongo. Akisema ataacha uwazi wa kupitisha hewa, basi tunarudi kwenye fimbo, nayo ni haki muigharimie pamoja. Na mwanao akitaka kutuma pesa ya bimu, aitume kwa mhandisi na kwa boriti hizo, zisimame kabla ya masika.